Mama Alishinda Pikapu, Ushuru Ukafika Kwanza

Walipompigia Mama kumwambia ameshinda pikapu mpya, aliwajibu watafute mjinga mwingine, akakata simu. Sikuona ajabu. Kwetu Khayega, kwenye barabara ya Kakamega kwenda Kisumu, huhitaji kutembea mbali kumpata mtu aliyeambiwa ameshinda laki mbili, kisha akaombwa "elfu tatu tu za ushuru" ndipo hela ziachiliwe. Akituma, anaambiwa zimebaki elfu tano za usajili. Akituma hizo, simu inazimwa. Wametapeliwa walimu, wametapeliwa makasisi, ametapeliwa hata wakala mmoja wa M-Pesa ambaye kutwa nzima huwaonya wateja wake. Kwa hivyo zawadi na ushuru vikitajwa katika simu moja, Mama huwa ameshamjua anayeongea naye.

Safari hii zawadi ilikuwa ya kweli. Ushuru nao ulikuwa wa kweli, na huo ndio uliotuchukua muda kuuamini.

Ilikuwa mwaka 2022. Kampuni moja inayotengeneza sabuni za mche na mafuta ya kupikia ilikuwa na shindano: ndani ya kila katoni kuna kuponi, unaikwangua, unatuma namba kwa ujumbe wa simu, unangoja droo. Mama ana duka la rejareja na sabuni huiuza kwa vipande, kwa hivyo katoni anazifungua mwenyewe na kuponi zinabaki kwake. Jioni akishafunga hesabu alikuwa anampa mjukuu wake wa sekondari azikwangue na kuzituma. Kusema kweli mchezaji alikuwa yule kijana, lakini laini ya simu ilikuwa ya nyanya yake, na kwenye mambo haya laini ndiyo mshindi.

Walipopiga tena akawapa namba yangu. Mimi niko Kisumu, natunza vitabu vya hesabu katika duka la vifaa vya ujenzi si mbali na soko la Kibuye, na katika ukoo wetu kazi hiyo inatosha kukufanya wakili, daktari na meneja wa benki.

Sikuanza na pikapu. Niliomba namba ya kibali. Shindano la namna hiyo lilihitaji kibali cha bodi ya serikali iliyokuwa inasimamia kamari na bahati nasibu, BCLB kama wengi walivyoijua kutokana na matangazo ya redio, na ofisa wa bodi alikuwa huwapo droo inapochezeshwa. Mtu wa kampuni alinisomea namba bila kusita. Nikapiga simu kwa bodi Nairobi, kwa namba niliyoitafuta mwenyewe, si ile ambayo wangenipa wao, nikaambiwa shindano linajulikana. Kulikuwa na jambo jingine lililonituliza. Tapeli huwa na haraka, hutaka pesa kabla hujakata simu. Hawa walitaka tu Mama afike ofisini kwao na kitambulisho na PIN ya KRA, yaani namba yake ya mlipa ushuru kutoka mamlaka ya mapato, wakati wowote saa za kazi, na hawakuomba hata nauli.

Basi tukaenda. Mama alivaa kitenge chake cha harusi na uso wa mtu anayekwenda kutoa ushahidi kortini. Tukakaribishwa chai, tukapigwa picha, tukapewa barua. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa hongera. Wa pili ulisema kwamba thamani ya zawadi ni Sh3,500,000, kwamba kwa mujibu wa sheria ya ushuru wa mapato ushindi hutozwa asilimia 20, na kwamba mshindi atalipa Sh700,000 kabla ya kukabidhiwa gari. Chini yake palikuwa na namba ya akaunti ya benki. Ya kampuni.

Mama aliisoma mpaka mwisho, akavua miwani, akanitazama. "Si nilikwambia?"

Nilimwelewa. Tofauti ya barua ile na simu za matapeli ilikuwa nini, hasa? Zote mbili zinasema umeshinda, lipa kwanza. Ila hii ilikuwa na nembo, na badala ya elfu tatu ilitaka laki saba.

Lakini sheria kweli ilikuwa hivyo. Zawadi ya shindano la bahati, iwe pesa, gari au nyumba, ilihesabiwa kuwa mapato, na asilimia 20 yake ilikuwa ya serikali. Tena mwenye wajibu wa kuukata ushuru huo na kuupeleka KRA si mshindi, ni yule anayetoa zawadi. Ukishinda pesa hata huoni shida yoyote: umeshinda milioni moja, wanakupa laki nane, laki mbili zinakwenda zao, unarudi nyumbani ukiimba. Kazi iko kwenye gari. Gari huwezi kulikata asilimia 20. Huwezi kuwaachia KRA magurudumu mawili na mlango wa nyuma. Kwa hivyo kampuni ina njia mbili: ilipe ushuru huo kutoka mfukoni mwake na kuuhesabu kama gharama ya tangazo, au imwambie mshindi alete pesa taslimu. Kampuni yetu ilichagua ya pili na kuandika hivyo kwenye masharti, yale maandishi madogo chini ya bango ambayo husomwa na aliyeyachapa peke yake. Mimi naona hiyo ni tabia mbaya hata kama ni halali. Bango lenye pikapu kubwa nyekundu lingetosha kabisa kuongezewa mstari mmoja wa kueleweka: uje na laki saba.

Jumapili iliyofuata tulikaa kikao cha familia chini ya mwembe. Baba mdogo alisema tuite harambee. Senge, shangazi yetu, akamuuliza ni nani atakayemchangia mtu aliyeshinda gari la milioni tatu na nusu, na harambee ikafia hapo. Binamu mmoja akasema gari liuzwe kwanza, ushuru utoke kwenye hiyo pesa. Wazo zuri, ila gari halikuwa letu bado. Mwingine akataja mikopo ya kuweka logbook, ile hati ya umiliki wa gari, rehani, na hiyo pia ilikuwa inakwama palepale: gari halitoki bila ushuru, na bila gari hakuna logbook, na bila logbook hakuna mkopo. Tulizunguka hapo mpaka ugali ukapoa.

Mama alikuwa kimya. Halafu akasema jambo ambalo hakuna kati yetu aliyekuwa amelifikiria: "Nikikataa, kuna mtu atanifanya nini?"

Hakuna. Zawadi si deni. Ukiikataa kabla hujapokea, ushuru nao hauko. Kampuni ingetafuta mshindi mwingine na Mama angerudi kwenye sabuni zake. Nilimwambia hivyo wazi, kwa sababu nilikuwa nimeona wenzangu pale wanazungumza kana kwamba zile laki saba tayari tunadaiwa. Hatukuwa tunadaiwa. Tulikuwa tunauziwa gari la milioni tatu na nusu kwa laki saba, na swali lilikuwa kama tunaweza kuzipata hizo laki saba bila kuuza ng'ombe wala kumwachia Mama deni litakalomkosesha usingizi. Ukiliangalia jambo hili kama ununuzi, hesabu zake zinafanyika. Ukiliangalia kama baraka, unaanza kuropoka.

Usiku huo nilimpigia binamu yetu aliyeko Dallas. Si kwamba nilitaka mkopo, ingawa aliposikia sauti yangu alianza na kueleza jinsi hali ilivyo ngumu. Nilitaka kujua kwao inakuwaje. Akaniambia Marekani ni kinyume: gari linakuja kwanza, ushuru unakuja mwaka unaofuata. Aliyekupa zawadi hujaza fomu iitwayo 1099-MISC, anaandika thamani ya zawadi kwa bei ya soko, nakala moja kwako na nyingine kwa IRS, mamlaka yao ya ushuru, na hiyo thamani inajumlishwa na mshahara wako wa mwaka. Aprili unalipa. Akanikumbusha lile jambo la 2004, Oprah Winfrey alipowagawia watu 276 waliokuwa studioni gari moja moja aina ya Pontiac G6. Dunia nzima iliona vilio vya furaha. Ambacho hakikuonekana kwenye televisheni ni kwamba kila mmoja alibaki na ushuru wa mapato wa maelfu ya dola, kwa wengine hadi kama dola 7,000 kulingana na kipato chake, na wako walioona heri waliuze. Uingereza nako, akaongeza, mtu akishinda bahati nasibu hakatwi ushuru wa mapato kabisa. Nikamwambia hiyo ya Uingereza aiweke, isimfikie Mama.

Nilipoweka simu chini kuna maneno yake yalinibakia: thamani kwa bei ya soko. Je, hii milioni tatu na nusu yetu ilitoka wapi?

Asubuhi niliwaandikia kampuni barua pepe, kwa adabu zote, nikiomba nakala ya ankara waliyonunulia gari. Walichelewa kujibu. Nikaandika tena, na safari hiyo nikamnakili mhasibu wao mkuu, maana watu wa matangazo hupenda namba za mviringo lakini mhasibu huishi kwa ankara. Ikaja. Kampuni ilikuwa imelinunua gari kwa Sh3,150,000, ushuru wa VAT ukiwa ndani yake. Ile milioni tatu na nusu ilikuwa bei ya bango: mtu wa matangazo alikuwa ameongeza vikorombwezo na kuifanya iwe namba inayotamkika vizuri redioni. Nikawauliza: ninyi KRA mtawaandikia mmetoa nini, kilichotoka kwenye vitabu vyenu au kilichotoka kwenye bango? Mhasibu alikuwa mtu muungwana. Barua ikarekebishwa, ushuru ukawa Sh630,000. Sh70,000 ziliokolewa na karatasi moja, na kwa duka la Mama hizo ni pesa za mwezi mzuri sana.

Ikabaki ile namba ya akaunti. Hapo nilikuwa mgumu na sijutii. Sikuwa na shaka tena na kampuni, lakini pesa ya ushuru ikipitia kwenye akaunti ya mtu mwingine, wewe unabaki na risiti ya benki inayosema umempa fulani laki sita, basi. Haisemi ni ushuru. Kampuni ikichelewa kuipeleka, au ikafilisika kesho yake, utamweleza nani? Utaratibu upo na si mgumu: anayetoa zawadi anaingia kwenye iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni, kwa PIN yake, anajaza PIN ya mshindi na kiasi, mfumo unatoa karatasi yenye namba ya malipo, ile wanayoiita PRN. Namba hiyo ikishatoka, yeyote anaweza kuipeleka benki na kulipa, na pesa inakwenda KRA moja kwa moja. Niliomba tupewe PRN. Waliguna kidogo, wakasema hakuna mshindi aliyewahi kuwaomba, wakaitoa.

Kabla ya hapo ilibidi PIN ya Mama ifufuliwe. Alikuwa nayo tangu zamani, alipofungua akaunti ya benki, lakini barua pepe iliyosajiliwa ilikuwa ya kijana wa saiba, duka la intaneti, ambaye alishahamia Qatar. Tulikwenda Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali, tukabadilisha. Ni jambo dogo, ila lingetukwamisha vibaya, kwa sababu cheti cha ushuru kikishatoka hutumwa kwenye barua pepe hiyohiyo.

Sasa pesa zenyewe. Mama alikuwa na akiba ya Sh180,000 katika Sacco, yaani chama cha akiba na mikopo, ya wafanyabiashara, na Sacco yao hukopesha mara tatu ya akiba, kwa riba ya asilimia moja kwa mwezi ya deni lililobaki. Hiyo ikawa Sh540,000, wadhamini wakiwa wanawake wenzake wa sokoni ambao walitia sahihi wakicheka, wakisema watadai kupandishwa gari kila Jumatano ya soko. Sh90,000 zilizobaki tulichanga mimi na ndugu zangu, kama mkopo, na kila mmoja aliandikiwa kwenye daftari. Nilisisitiza daftari. Pesa inayotolewa wakati wa furaha bila kuandikwa hugeuka kuwa hisa: baada ya miezi mitatu mtu atakwambia ana gurudumu lake kwenye ile pikapu.

Ushuru ulilipwa moja kwa moja benki kwa PRN. Kwa simu isingewezekana kwa mara moja, M-Pesa wakati huo haikuruhusu zaidi ya Sh150,000 kwa muamala. Haikupita muda, barua pepe ya Mama ikapokea cheti: jina lake, PIN yake, kiasi cha ushindi, kiasi cha ushuru. Nilikichapa nakala kadhaa. Moja iko kwenye Biblia yake mpaka leo, kati ya cheti cha ubatizo na kile cha shamba.

Siku ya kukabidhiwa gari ilikuwa na muziki na shati za bure. Sina mengi ya kuisema. Meneja alitoa hotuba ndefu, Mama akapewa ufunguo wa bandia wa maboksi mkubwa kama ubao wa kukatia nyama, akapigwa picha nao, picha ikatoka gazetini. Mumeisikia hadithi hii mara nyingi kwa watu wengine.

Ambacho hatukukipigia hesabu ya kutosha, na hapa nawazungumzia wote tuliokaa chini ya mwembe, ni kwamba gari jipya lina njaa yake hata likiwa limesimama. Bima ya kina ilikuwa kama asilimia 4 ya thamani, Sh126,000, na hatungethubutu kuchukua bima ya chini ilhali kulikuwa na mkopo wa Sacco juu yake. Kisha dereva, kwa maana Mama haendeshi. Kisha dizeli: Septemba mwaka huo ilifika Sh165 kwa lita Nairobi, na kwetu zaidi kidogo. Gari lilibeba ndizi kwenda Kibuye, likabeba mahindi, likabeba saruji kutoka kwenye duka ninalofanya kazi, na miezi mingine lilijilipia. Lakini lilibeba pia misiba. Ukiwa na pikapu katika kijiji cha Waluhya, jeneza la kila mtu aliye na ukoo na wewe, hata kwa kuruka mito miwili, litapita kwako, na hakuna anayetaja mafuta. Mama hakuweza kukataa na sikutarajia akatae.

Kabla mwaka haujaisha akaamua mwenyewe kuliuza. Mnunuzi alitoka Webuye, akatoa Sh2,450,000. Nilijaribu kumsukuma juu, akanijibu kwa upole kwamba hili si gari jipya tena, lina namba, lina kilomita, lina mkwaruzo wa mlango wa nyuma, na huo mkwaruzo niliujua ulivyopatikana maana nilikuwa kwenye mazishi hayo. Alikuwa na haki. Ushuru tuliulipa kwa bei ya siku gari lilipotoka dukani likiwa na nailoni kwenye viti, na hakuna anayekurudishia kitu bei ikishuka.

Nilimwandikia Mama hesabu kwenye ukurasa mmoja. Kutoka Sh2,450,000 ondoa ushuru, ondoa bima, ondoa riba ya Sacco ambayo ilikaribia Sh45,000. Ilibaki kama Sh1,650,000. Zawadi iliyotangazwa redioni kuwa ya milioni tatu na nusu ilikuwa, mkononi mwa mshindi, chini ya nusu ya hiyo. Simwambii mtu hivyo ili alie. Milioni moja na laki sita kwa kukwangua kuponi za sabuni si jambo la kulalamikia, na vyumba vinne vya kupangisha vilivyosimama nyuma ya duka vinaweza kushuhudia. Nasema kwa sababu kabla gari halijafika kulikuwa na watu wa karibu sana ambao tayari walikuwa wamezigawa zile milioni tatu na nusu, karo huku, mahari kule, na ilikuwa kazi kuwaonyesha kwamba namba hiyo haikuwahi kuwepo popote ila kwenye bango.

Juni iliyofuata, wakati wa kuwasilisha ripoti ya ushuru ya mwaka, karibu tulipe mara mbili. Mama alikwenda saiba peke yake. Kijana wa pale alikuwa ameona picha gazetini, na kwa bidii yake akajaza Sh3,150,000 kwenye sehemu ya mapato mengine. Mfumo ukafanya hesabu yake kwa viwango vya kawaida, ambavyo mwaka wa 2022 vilikuwa vinafika asilimia 30, ukamletea deni la kutisha. Mama akanipigia akiwa amesimama nje, sauti iko chini. Nikamwambia asibonyeze chochote. Ushuru ule wa asilimia 20 ulikuwa wa mwisho, maana yake ukishakatwa, ushindi huo haujumlishwi tena na mapato mengine. Kile cheti kilichokuwa kwenye Biblia ndicho kilichomnyamazisha kijana, akafuta, akajaza upya mapato ya duka peke yake.

Mambo haya yamebadilika tangu wakati huo, na anayesoma leo asichukue asilimia zangu kama zilivyo. Sheria ya Fedha ya 2025 iliondoa ile asilimia 20 ya ushindi kwa wachezaji wa kamari na kuweka asilimia 5 ya pesa wanazotoa kwenye akaunti zao za kamari. Na si ushuru wa ushindi peke yake unaongoja mlangoni. Mteja wetu mmoja wa Nakuru alipata ploti katika droo na akanipigia kwa sababu alisikia habari za Mama. Ushuru wa zawadi alikuwa amelipiwa na waandalizi, akadhani amemaliza. Nikamuuliza ploti iko wapi. Iko ndani ya jiji. Basi kuna ushuru wa stempu wa asilimia 4 ya thamani kabla hati haijahamia jina lake, ingekuwa mashambani ingekuwa asilimia 2. Akanyamaza kwa muda, kisha akauliza kama naweza kumsaidia kuomba ankara.

Upande wa Mama, kabla pikapu haijauzwa, picha ya gazetini ilikuwa imeleta mgeni mwingine ambaye hakuna aliyemwalika. Ofisa wa ushuru alipita Khayega, akanunua soda, akaisifu pikapu, akauliza duka huuza kiasi gani kwa siku. Mama, ambaye hasemi uongo hata ukimlipa, akamwambia: elfu nne, siku ya soko zaidi. Ofisa akapiga hesabu palepale. Duka linalouza zaidi ya milioni moja kwa mwaka linapaswa kulipa ushuru wa mauzo kila mwezi, wakati huo asilimia 1. Hakumtoza faini, alimsajili na kumwonyesha namna ya kufanya kwenye simu. Kufikia Julai 2023 asilimia 1 ilikuwa imekuwa 3.

Sasa pikapu iko Webuye na Mama kila mwezi, kabla ya tarehe 20, hunitumia picha ya ujumbe wa malipo nithibitishe kwamba umefika. Juzi aliongeza maneno chini yake: niwaulize wale wa sabuni kama wana shindano la baiskeli.